Mtoto wa mbwa au mbwa mzima aliyefunzwa: nyumba isiyo na mtu mchana ichukue yupi?

Kabla ya kuulizana mbwa gani, tuhesabu saa. Nyumbani kwetu Gungu, mjini Kigoma, mume wangu huwa ameshateremka mwaloni Kibirizi kabla ya adhana ya alfajiri, maana dagaa hawamsubiri mtu. Watoto wawili hutoka saa 12 na nusu asubuhi, mimi nafunga geti saa 1 kasoro robo. Wa kwanza kurudi ni mtoto mdogo, saa 8 na nusu mchana. Mbwa wa nyumba kama hii atashinda peke yake karibu saa 8, siku 5 za wiki, na hakuna mbegu ya mbwa, iwe ya kizungu au ya kienyeji, inayobadilisha hesabu hiyo.

Mtoto wa mbwa wa miezi 2 anabana mkojo saa 2, akijitahidi sana 3. Anatakiwa kula mara 3 au 4 kwa siku. Mbwa aliyekomaa anakula asubuhi na jioni, anajisaidia kabla hamjatoka, kisha analala kivulini mpaka asikie begi la shule linagonga geti. Kwa hesabu ya saa peke yake, mashindano yangeishia hapa. Hayaishii hapa kwa sababu mbwa mzima naye ana mambo yake, na mengine huyaoni siku ya kumchukua.

Nimeishi na wote wawili. Wa kwanza, Hayakuhusu (jina alipewa na mume wangu kwa ajili ya majirani, mimi sikuwa na kauli), alikuja akiwa mdogo kama kiatu. Wa pili, Biju, alikuja ana miaka 4, ameketi nyuma ya Landkruza kama abiria aliyelipa nauli. Kazini wakiniuliza wachukue yupi, wanataka neno moja. Neno ninalo: mzima. Ila lina masharti, na masharti yenyewe yanaanzia kwenye maana ya "aliyefunzwa".

Neno moja, mbwa watatu

Ukitangaza hapa mjini kwamba unatafuta mbwa aliyefunzwa, wa kwanza kuletewa ni mbwa wa ulinzi. Muuzaji atakuonyesha video kwenye simu: mbwa ananing'inia kwenye mkono wa kijana aliyejifunga magunia, watu pembeni wanashangilia. Ni kweli amefunzwa. Amefunzwa kukimbiza na kung'ata. Mbwa wa polisi naye amefunzwa hivyo, lakini ana askari wake anayemjua, anayefanya naye mazoezi kila siku na anayejua namna ya kumzuia. Wewe unampeleka mbwa wa namna hiyo kwenye ua ambamo watoto wa jirani huingia kuokota mpira bila kubisha hodi. Nani atamwambia aache? Wewe uko ofisini. Kwa familia yenye watoto na shughuli nyingi, mbwa huyu simshauri hata akitolewa bure, na huwa hatolewi bure.

Wa pili ni mbwa wa msasi, kutoka vijiji vya porini upande wa Uvinza. Mwepesi, hachagui chakula, anatii mluzi kuliko watoto wengi wanavyotii mama zao. Naye amefunzwa, lakini amefunzwa kwamba kitu kidogo kinachokimbia ni cha kukamatwa. Mlete Mwanga au Katubuka, penye kuku wa kila nyumba barabarani, utalipa kuku mpaka uchoke. Wahenga walishasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Mbwa wa shamba mjini ndiye anayemaliza majogoo.

Wa tatu hana mtu anayemwita aliyefunzwa. Ni mbwa aliyeishi na familia nyingine miaka kadhaa: anajua kujisaidia nje, anatembea na kamba bila kukuvuta, haruki juu ya mgeni, haibi sahani ya mtoto aliyekaa mkekani. Hauzwi sana. Hupatikana watu wanapohama. Mtumishi amehamishiwa Lindi. Mradi wa shirika umefungwa Kasulu au Kibondo. Mwalimu amestaafu anarudi kwao. Sisi wa mwisho wa reli tunawaona kila mwaka. Wanauza kitanda, friji na makochi kwa siku mbili, mbwa anabaki uani anatazama vitu vinavyotoka, hakuna basi litakalokubali kumbeba. Huyo ndiye mbwa mzima ninayemzungumzia kuanzia hapa hadi mwisho.

Gharama ya mtoto wa mbwa ni saa zako

Watu wengi wanamchagua mtoto wa mbwa kwa methali moja: samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, na kwa mbwa ni ya kweli kuliko wengi wanavyojua, kwa sababu mbichi yenyewe ni fupi mno. Kuanzia wiki ya 3 hivi mpaka wiki ya 12 au 14, ubongo wa mbwa unaandika orodha ya vitu vya kawaida duniani. Anachokutana nacho kwa amani katika wiki hizo kinakuwa cha kawaida maisha yake yote. Asichokutana nacho huenda akakiogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata.

Sasa orodha yenyewe kwa mji wetu: bodaboda na kofia yake ngumu, mvua kubwa juu ya bati, mwanamke aliyevaa buibui, mzee mwenye mkongojo, watoto 10 wanaopiga kelele kwa pamoja, mbuzi, kuku, spika ya adhana, ngoma ya harusi, muuza samaki anayepita akiita. Mtoto wa mbwa anatakiwa aachane na mama yake akiwa na wiki 8, kwa hiyo umebakiwa na wiki 4 hadi 6 za kumwonyesha yote hayo, kidogo kidogo, akiwa karibu na mtu anayemwamini. Nani atafanya kazi hiyo kama nyumba imefungwa kuanzia saa 1 kasoro robo?

Hayakuhusu tulimchukua Januari, wiki ile ile shule zilipofunguliwa. Hatukuwa na akili. Tena alikuwa na wiki 5 tu, maana hapa kwetu mtoto wa mbwa akishajua kulamba ugali watu wanasema ameiva. Mama yake na ndugu zake ndio wangemfundisha kipimo cha meno: ukimng'ata mwenzako kwa nguvu, analia na mchezo unakwisha. Yeye kipimo hicho alikuja kujifunzia kwenye vifundo vya miguu ya wanangu. Mchana kutwa alikuwa kwenye kibanda cha stoo na bakuli la maji, akiona ukuta. Tulikuja kuuona huo ukuta baadaye. Alipofika miezi 8 alikuwa anabweka kama mwendawazimu kila alipoona mtu mwenye kofia ya pikipiki, na mtoto yeyote mwenye sare ya shule asiye wetu. Watu walisema ni mkali, wakamsifu. Hakuwa mkali hata siku moja. Alikuwa anaogopa.

Ongeza na mwaka wa kwanza wenyewe. Kati ya miezi 4 na 6 meno yanabadilika, na kila ndala ya nyumba inakuwa na jino ndani yake. Kati ya miezi 6 na mwaka na nusu anaingia utoto wa balehe: ulichomfundisha jana leo hakijui, anatoroka, anajaribu kila kitu. Mtoto wa mbwa ni kazi ya mwaka mmoja na nusu, na ile ya miezi miwili ya mwanzo haiahirishwi.

Kuna nyumba ambazo kazi hiyo inawezekana kabisa. Kama bibi au babu anashinda nyumbani, ana nguvu za kuinuka kila baada ya saa 2 na hamchukii mbwa, mtoto wa mbwa atakuwa na mwalimu kuliko wengi. Kama mama yuko likizo ya kazi ndefu, au biashara iko hapo hapo barazani, pia sawa. Na kama hamna hayo lakini mmeng'ang'ania, basi mchukueni likizo ya Juni au ya Desemba inapoanza, siku ya kwanza, watoto wakiwa nyumbani kutwa. Asiwe na chini ya wiki 8.

Mzima: unaona unachochukua, karibu chote

Faida kubwa ya mbwa wa miaka 2 au 4 ni kwamba hakuna bahati nasibu. Ukubwa wake ndio huo. Sauti yake ndiyo hiyo. Kama anapenda watoto, unamwona akiwapenda. Mtoto wa mbwa aliyeuzwa kwa jina la German Shepherd na baadaye akatoka na masikio ya baba yake wa Mwandiga, huyo ni mbuzi kwenye gunia. Mzima amesimama mbele yako.

Wapo wanaoamini kwamba mbwa asiyelelewa na wewe tangu utotoni hawezi kukupenda. Hapa Kigoma tuna mfano wa karibu. Marehemu Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kuwafanya sokwe wetu wajulikane dunia nzima, alikuwa akisema kwamba mwalimu wake wa kwanza wa tabia za wanyama alikuwa mbwa aitwaye Rusty. Na Rusty hakuwa hata wa kwao. Alikuwa mbwa wa hoteli ya jirani huko Uingereza, aliyekuwa akija kwao kila siku na kurudi jioni. Biju naye, katika mwezi wake wa tatu tu kwetu, alikuwa analala mlangoni kwa mwanangu mdogo na si kwangu mimi niliyekuwa nampa chakula. Roho iliniuma kidogo, sitadanganya.

Lakini mzima haji na bakuli lake tu. Anakuja na mazoea, na lugha. Aliyetupa Biju alikuwa mfanyakazi wa shirika aliyemaliza mkataba, mtu mpole, akasema mbwa anajua kukaa, kulala na kusubiri. Tukamleta nyumbani. "Kaa!" Biju akatutazama. "Keti!" Kimya. Mwanangu mkubwa akajaribu Kiingereza cha shuleni, hola. Tukajisemea tumedanganywa, mbwa ni bubu wa akili. Siku ya nne nikampigia simu bwana wake wa zamani, akacheka sana. Kumbe alikuwa anamwamrisha kwa Kifaransa. Nikaweka spika, sauti ikasema "Assis!" na Biju akaketi kwenye vumbi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Nacheka sasa, ila ndani yake kuna jambo lililo muhimu kuliko yote katika ulinganisho huu. Mafunzo ya mbwa hayamo ndani ya mbwa kama dawa ndani ya chupa. Yako kati yake na mtu fulani: neno lile, sauti ile, ishara ile ya mkono. Unapomhamisha, unahamisha nusu tu. Nusu ya pili mnaijenga upya ninyi. Habari njema ni kwamba kuijenga upya kunachukua wiki chache, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, wakati kumjenga mtoto wa mbwa kunachukua ule mwaka na nusu. Mwombe anayekupa akuandikie maneno yake kwenye karatasi, yote, hata ya utani. Na nyumbani kila mtu atumie neno lile lile. Baba akisema "kaa" na mtoto akisema "keti", mbwa atachagua kutomsikia yeyote.

Mjini kwetu utamkagua wapi

Nenda kwa mwenye mbwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa miadi, mara ya pili bila miadi, saa ya kumlisha. Mwombe mwenyewe asogeze bakuli mbwa akiwa anakula. Mwenyewe, usimtume mtoto wako, na wewe usijaribu. Akiunguruma na mwili ukikakamaa, mshukuru mwenyeji, kunywa soda yako, uondoke. Angalia kuku wakipita. Angalia pikipiki ikipita. Mguse masikio na nyayo, kwa sababu ndiko utakakotoa kupe. Mtembeze kwa kamba mpaka dukani.

Muulize mwenyeji kwa nini anamtoa. "Nimehamishwa" ni jibu zuri. "Amekuwa mkorofi kidogo" si jibu dogo hata kidogo.

Halafu, kabla ya kupanda bodaboda kurudi, muulize jirani. Mwenyeji atakwambia mbwa ametulia; jirani ndiye anayejua kama mbwa huyo hulia kutwa wenyewe wakiondoka, kama aliwahi kukimbiza mtoto, kama huwa anafunguliwa usiku akazurure. Jirani hana mbwa wa kukuuzia. Kwa nyumba inayofungwa mchana, kile kilio cha kutwa ndicho kitakachokugombanisha na mtaa mzima, na mzima mwenye ugonjwa huo wa kushindwa kubaki peke yake hakufai hata kama anajua amri 20.

Afya: hapa wanakaribiana

Kwa chanjo, mtoto wa mbwa ana safari ndefu zaidi. Chanjo za magonjwa kama parvo na distemper huanza wiki ya 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kwa kawaida akiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kama daktari atakavyopanga, mara nyingi kila mwaka. Dawa ya minyoo anapewa kila baada ya wiki 2 katika miezi yake ya mwanzo, na hiyo usiifanyie uvivu kama una watoto wanaochezea mchanga, kwa kuwa minyoo ya mbwa huwapata na wao. Chanjo hizi zinatakiwa zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo mwulize daktari wa mifugo mapema kama anazo na lini, usimsubiri mbwa afike ndipo uanze kuzunguka. Parvo kwa mtoto wa mbwa asiye na chanjo ni kutapika na kuhara damu, na inaweza kumuua kwa siku chache.

Mzima mwenye kadi ya chanjo ameshavuka hayo yote. Asiye na kadi, mhesabu kuwa hajachanjwa, maneno ya "alichomwa, kadi imepotea" yasikupumbaze, na apelekwe kuchomwa kabla hajaanza kuzoeana na watoto. Kichaa cha mbwa si cha kubahatisha. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa yeyote akimng'ata mtu nyumbani kwako, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Hili ni kwa mbwa mdogo na mkubwa, mwenye kadi na asiye nayo.

Kuna mambo matatu yanayomhusu zaidi mzima. Jike au dume aliyekuwa akizurura anaweza kuwa na uvimbe unaovuja damu sehemu za siri, ambao huambukizwa kwa kupandana. Hutibika kwa sindano za daktari kwa wiki kadhaa, ila ujue kabla hujamchukua. Na mbwa aliyetoka kwenye misitu yenye mbung'o anaweza kubeba ugonjwa wa nagana kama wanavyobeba ng'ombe: amekonda, ufizi umepauka, jicho limeingia ukungu wa bluu. Ukiona jicho la namna hiyo, daktari kwanza. Jike mzima anaweza pia kuja na mimba usiyoijua, na mimba ya mbwa ni siku 63 tu. Hutapata nafasi ya kujiandaa. Biju alikuja ameshafungwa kizazi, na hilo peke yake lilimpa alama 10 kwangu.

Umri nao utadanganywa. "Ana mwaka mmoja" ndiyo lugha ya wauzaji. Mfungue mdomo, au mwombe daktari amfungue: meno meupe yenye ncha ni ya kijana, meno ya njano yaliyosagika ni ya mzee. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, kwa hiyo wa miaka 3 bado ana mengi, wa miaka 9 unamchukua kwa kumhurumia. Kumhurumia si vibaya, ila usiwaambie watoto watakua naye.

Chakula ni kifupi. Wote wanakula ugali na dagaa au vichwa vya migebuka, mdogo mara nyingi kwa kiasi kidogo, mkubwa mara mbili. Pumba na unga uliooza usiwape ukidhani mbwa hachagui: sumukuvu ya mahindi yenye ukungu inaua mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, inavunjika vipande vyenye ncha.

Ulimi wa mbwa na mkeka wa mama mkwe

Sijaona watu wakiliandika hili wanapolinganisha mbwa, na kwa Kigoma ni kubwa. Mama mkwe wangu ni mtu wa Ujiji, swala 5, hajawahi kukosa. Aliposikia tunaleta mbwa wa pili alikaa kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mbwa wa kulinda nyumba hakukatazwa. Lakini mate yake yasifike kwenye mkeka wangu." Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Bibi wa watu hakuwa anatafuta ugomvi, alikuwa anaomba utaratibu.

Utaratibu huo mtoto wa mbwa hawezi kuutimiza. Dunia yake iko kwenye ulimi. Atalamba kanzu, ndoo ya udhu, mguu wa mgeni, na hakuna la kumfanya kwa miezi mingi. Hayakuhusu alilamba birika la mama mkwe siku ya Idi, na sisi wawili hatukulitaja tena neno birika mwaka mzima. Mbwa mzima aliyezoeshwa kutoruka juu ya watu na kutopita kizingiti unaweza kumpa mpaka: huku uani ni kwako, barazani si kwako. Kama ndugu na majirani zako ni watu wa swala, hii peke yake inatosha kumwondoa mtoto wa mbwa kwenye mashindano. Kibanda chake kikae upande wa mbali na mlango wa mbele, bakuli lake liwe na alama, na asifunguliwe kuzurura mtaani, kwa ajili ya majirani na kwa ajili yake pia.

Wiki za mwanzo, ukishachagua mzima

Mlete Ijumaa jioni, uwe na Jumamosi na Jumapili. Wanaohamisha mbwa wana msemo wa siku 3, wiki 3, miezi 3: siku 3 za woga, wiki 3 za kujua ratiba, miezi 3 za kujiona wa nyumbani. Biju hakugusa chakula siku mbili. Siku ya tatu alikula vichwa vyote vya migebuka na kuomba vingine. Usimlazimishe, na watoto wasimrundikie. Mwachie kipande cha kitambaa chenye harufu ya alikotoka.

Geti likaguliwe kabla hajafika, hasa chini, penye mtaro wa maji ya mvua. Mbwa mzima anajua kwao ni wapi na atataka kurudi. Wiki ya pili wetu alipita chini ya geti akaenda kukaa mbele ya nyumba tupu ya bwana wake wa zamani, ng'ambo ya mji. Tulimkuta saa 3 usiku amelala mlangoni, pua kwenye kizingiti. Mume wangu, mtu asiyependa kuonekana na huruma, alimbeba mpaka kwenye pikipiki. Kwa hiyo mwezi wa kwanza atembee kwa kamba tu, na mchana awe kwenye uzio au kwenye kamba ndefu yenye kivuli na maji. Kumfunga mnyororo mfupi kutwa, siku zote, ni kumrudisha kwenye ule ukuta wa Hayakuhusu.

Jizoeze kumwacha kidogo kidogo kabla ya Jumatatu: dakika 10, nusu saa, saa 2. Ukirudi usimfanyie sherehe. Ndani ya mwezi atakuwa ameshaijua saa ya kila mmoja wenu kuliko mnavyoijua wenyewe.

Kuhusu lugha, tulijaribu kumbadilisha Biju aje kwenye Kiswahili, tukashindwa kwa sababu watoto walipenda Kifaransa zaidi. Sasa mtaa wote unajua maneno matatu. Mama mkwe akija kutoka Ujiji husimama getini na kikapu chake, hutazama huku na huku kama kuna anayemsikia, kisha husema kwa sauti ya chini, "Kushe!" Biju hulala chini pale pale, mbali na mkeka, mpaka bibi apite.